Ubao wa Kidijitali Usiwe Pambo la Vyuo

Ubao ni chombo cha kale cha mwalimu. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19, ulipoanza kuenea katika shule za Ulaya na Marekani, kazi yake haikubadilika sana: mmoja huandika, na wengi hunakili. Katika miaka ya karibuni umetokea ubao wa namna nyingine, usio wa mbao wala wa saruji. Ubao huu umo ndani ya kompyuta na simu. Watu thelathini wanaweza kuuandikia kwa wakati mmoja, huyu akiwa Dar es Salaam, yule Songea, na wa tatu Kigoma, na kila mmoja akaona papo hapo alichoandika mwenzake. Huo ndio ubao wa kidijitali, na vyuo vikuu vingi duniani vimeuingiza katika masomo yao, hasa tangu mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga milango ya kumbi za mihadhara.

Wapo wanaousifu ubao huo kana kwamba wenyewe ndio ulioleta ushirikiano katika elimu. Wapo na wanaoubeza, wakisema ni mchezo wa mataifa tajiri. Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwa kuwa zinatazama chombo na kuisahau kazi. Ushirikiano wa wanafunzi hauletwi na ubao, uwe mweusi, mweupe au wa kidijitali. Huletwa na kazi iliyopangwa kwa namna ambayo hakuna mwanafunzi awezaye kuikamilisha peke yake. Kazi ya namna hiyo ikiwapo, ubao wa kidijitali huisaidia sana. Isipokuwapo, ubao huwa pambo, tena pambo la gharama.

Kuthibitisha jambo hili hakuna haja ya kwenda ng'ambo. Mwaka 1968, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Idara yake ya Historia iliendesha utafiti juu ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Wanafunzi walikwenda katika sehemu zilizopigana, wakawahoji wazee waliokuwa wangali hai, wakaandika waliyosimuliwa. Hakuna mwanafunzi aliyekuwa na habari za vita nzima katika daftari lake. Vita vilivyoanza Umatumbi kwa kung'olewa kwa pamba ya kulazimishwa havikuwa na sura moja na vita vya Ungoni, ambako watawala wa jadi ndio waliowaongoza watu wao. Picha kamili ilipatikana kwa kuweka daftari kando ya daftari, na kuuliza mahali zilipopatana na mahali zilipopingana.

Huo ulikuwa ushirikiano wa kweli wa kitaaluma, nao ulifanyika kwa kalamu na karatasi. Msingi wake ulikuwa kwamba kila mmoja alileta kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mwanafunzi asiye na kinga mkononi hata akiketi mekoni hawashi moto.

Basi, ubao wa kidijitali huongeza nini juu ya msingi huo? Huongeza mambo matatu, na yapasa yaelezwe kwa haki.

Jambo la kwanza ni kuondoa foleni ya kusema. Katika mazungumzo ya kawaida mtu mmoja tu ndiye awezaye kusema kwa wakati mmoja, na wengine hungoja. Mwaka 1987 wanasaikolojia Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya makundi yanayobuni mawazo. Waliona kwamba watu wanaosema kwa zamu hutoa mawazo machache kuliko idadi ile ile ya watu wanaofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakakusanywa. Sababu kubwa ilikuwa kungoja zamu: anayengoja hushindwa kuendelea kufikiri, na aghalabu wazo lake humponyoka. Kwenye ubao wa kidijitali hakuna anayengoja. Watu watano huandika pamoja, na hakuna sauti inayoizima nyingine.

Faida hiyo ni kubwa zaidi katika vyuo vya Tanzania kuliko inavyodhaniwa. Mwanafunzi hufika chuo kikuu akiwa amezoea kufikiri na kujadiliana kwa Kiswahili, na semina huendeshwa kwa Kiingereza. Katika chumba chenye wanafunzi arobaini, aghalabu watatu au wanne ndio husema, nao si lazima wawe ndio wenye akili kuliko wote, bali ndio wepesi wa ulimi katika lugha hiyo. Wengine hunyamaza muhula mzima na kuhesabiwa kuwa hawana la kusema. Mtu anayeandika hupata nafasi ya kutafuta neno, kulifuta na kuliandika upya, bila macho ya wenzake kumkazia. Wahadhiri wanaotaka kusikia mawazo ya chumba kizima hawana budi kulitilia maanani jambo hili.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Maneno yaliyosemwa hupotea, na chaki hufutwa kipindi kinapokwisha. Ubao wa kidijitali hubaki na yote: wazo la kwanza, pingamizi lililofuata, na mahali kundi lilipobadili msimamo. Mwalimu anayesoma insha iliyokamilika huona kosa, lakini haoni lilipozaliwa. Mwalimu anayesoma ubao wa kundi huweza kuona kwamba kosa lilianzia kwenye hatua ya pili ya hesabu, au kwenye neno moja lililoeleweka vibaya, akalirekebisha hapo hapo.

Jambo la tatu ni umbali. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina wanafunzi walimu, makarani na maofisa waliomo kazini katika mikoa yote. Mwanafunzi wa namna hiyo husoma usiku baada ya kazi, na upweke ni adui yake mkubwa. Wazo la kuwakutanisha watu kama hao kwenye ubao mmoja si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilifanya majaribio ya chombo kilichoitwa Cyclops. Kwa chombo hicho, wanafunzi waliokuwa katika vituo mbalimbali waliongea kwa simu na kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya vioo vya televisheni, na mchoro ukaonekana katika vituo vyote. Wanafunzi walipunguziwa safari, walakini gharama za laini za simu zilikiangukia chuo, na chombo hicho hakikuenea. Tangu wakati huo mitambo imebadilika sana, lakini swali la nani atalipia mawasiliano lingalipo, nalo litarejewa hapa chini.

Kwa jumla, ushahidi kwamba mwanafunzi hujifunza zaidi anaposhiriki kuliko anaposikiliza tu ni wa nguvu. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati katika vyuo. Katika madarasa ya mihadhara mitupu, wanafunzi waliofeli walikuwa karibu asilimia 34. Katika madarasa ambamo wanafunzi walifanya kazi na kujadiliana, waliofeli walikuwa karibu asilimia 22. Tofauti hiyo ni watu kumi na wawili katika kila mia. Mtumishi wa umma anayejua gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja hawezi kuipuuza. Ila izingatiwe kwamba tafiti hizo zilipima namna ya kufundisha. Hazikupima ubao wa aina yoyote.

Hapo ndipo hatari ilipo. Chombo kikipokewa bila kubadili namna ya kufundisha, mambo hubaki yalivyokuwa. Katika mwaka wa masomo wa 2003/2004, serikali ya Uingereza iligharimia kuwekwa kwa mbao za kielektroniki za ukutani katika shule za sekondari za London. Watafiti waliofuatilia mpango huo, ambao ripoti yao ilitoka mwaka 2007, hawakuona kwamba alama za wanafunzi zilipanda kwa sababu ya mbao hizo katika mwaka wa kwanza. Si ajabu. Ubao mmoja uliowekwa mbele ya darasa, ukiwa mikononi mwa mwalimu, humfanya mwalimu yule yule aendelee kusema na wanafunzi wale wale waendelee kutazama, isipokuwa safari hii wanatazama rangi nyingi zaidi.

Hatari ya pili ni uvivu unaojificha ndani ya kundi. Mfaransa Max Ringelmann, mtaalamu wa kilimo, alipima mwishoni mwa karne ya 19 nguvu za watu wanaovuta kamba. Aliona kwamba watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja hutoa takriban nusu tu ya nguvu anazotoa akivuta peke yake. Sehemu ya upungufu huo hutokana na kutovuta kwa mpigo mmoja. Utafiti wa baadaye, hasa wa Marekani mwaka 1979, ulionyesha kwamba sehemu nyingine hutokana na watu kupunguza bidii kwa kuwa wamo katika kundi. Kila mhadhiri anaijua hali hiyo: kazi ya kundi la watu kumi hufanywa na wawili, na majina kumi huandikwa juu yake. Ubao wa kidijitali usio na utaratibu huuzidisha uvivu huo, kwa sababu kijikaratasi kisicho na jina chaweza kuwa cha mtu yeyote, na mtu anaweza kuonekana yumo ubaoni hali yumo katika mambo mengine. Dawa yake yajulikana: mchango wa kila mtu ukitambulika, bidii hurudi.

Kwa hiyo utaratibu ndio kiini cha suala lote. Tuseme kuna kozi ya historia yenye wanafunzi 120, na mada ni hiyo hiyo ya chanzo cha Vita vya Maji Maji. Mhadhiri huwagawa katika makundi ya watu watano. Katika kila kundi, kila mwanafunzi hupewa ushahidi wa namna yake: mmoja taarifa ya kodi, wa pili barua ya ofisa wa Kijerumani, wa tatu masimulizi ya mzee, wa nne habari za mashamba ya pamba, na wa tano maelezo juu ya Kinjikitile wa Ngarambe na imani ya maji. Dakika kumi za kwanza ni za kimya. Kila mmoja huandika, chini ya jina lake, mambo matatu ambayo ushahidi wake unayathibitisha na jambo moja ambalo haulielezi. Baada ya hapo ndipo mazungumzo huanza. Hoja zinazopatana huletwa pamoja, zinazopingana huunganishwa kwa mstari, na juu ya mstari huandikwa sababu ya kupingana kwake. Mwishoni kundi huandika hitimisho moja na kutaja ushahidi unaolishikilia.

Kisha ubao hukabidhiwa kundi jirani, ambalo huuliza swali moja lisilokwepeka. Wakati wote huo mhadhiri haandiki. Hupita kutoka ubao mmoja hadi mwingine, akiuliza na kuchokoza, na mwisho huchagua mbao mbili au tatu zenye kosa la kufundishia, akaliweka kosa hilo mbele ya darasa zima bila kumfedhehesha mtu. Alama nazo hugawanywa: sehemu kwa hitimisho la kundi, sehemu kwa mchango wa kila mmoja. Katika mpango huo mwanafunzi hawezi kujificha, wala hodari hawezi kumaliza peke yake, maana ushahidi mwingine uko mikononi mwa wenzake.

Walimu watatambua kwamba kazi hiyo hiyo yaweza kufanywa kwa karatasi za manila zilizobandikwa ukutani, umeme unapokatika au intaneti inapokwama. Hicho ndicho kipimo kizuri cha somo. Somo lisilofaa kwa manila halitaokolewa na kioo. Mhadhiri anayetaka kuanza hana sababu ya kungoja zabuni ya vifaa. Aanze na manila muhula huu, ajue ni kazi gani huwafanya wanafunzi wahitajiane, na chombo kikija kimkute tayari.

Limebaki suala la haki. Ubao uliochorwa kwenye kompyuta pana huwa kama kitambaa kilichokunjwa ukiutazama kwenye simu ndogo: maandishi hayasomeki, na kusogeza kijikaratasi ni taabu. Wanafunzi wasio na kompyuta hutegemea simu hiyo hiyo, na vifurushi vya intaneti hununua kwa fedha ya chakula. Mwanafunzi asiyeona hutegemea programu inayomsomea maandishi kwa sauti, na programu hiyo hupata shida kueleza ni kijikaratasi gani kiko karibu na kipi. Chuo kikiuingiza ubao bila kufikiri juu ya watu hawa, kitakuwa kimewafungia nje ya darasa kwa jina la ushirikiano. Yapasa basi kila kundi liwe na walau kompyuta moja ya chuo, kazi inayohitaji ubao ifanyike mahali penye mtandao wa chuo, na maelezo ya ubao yaandikwe pia kwa mpangilio wa kawaida unaosomeka na wote.

Liko pia suala la umiliki. Mwaka 2017 kampuni ya Google ilianza kuuza nchini Marekani ubao wake ulioitwa Jamboard, kwa bei ya karibu dola 5,000, pamoja na programu yake iliyotumiwa na walimu wa nchi nyingi. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kuuacha. Tarehe 31 Desemba 2024 programu ikafungwa, na waliokuwa na kazi humo wakatakiwa wawe wamekwisha kuzihamisha. Hapakuwa na vita wala mafuriko. Kampuni ilibadili mipango yake ya biashara, na masomo yaliyojengwa juu ya chombo kile yakalazimika kuhama. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Haina maana kwamba vyuo visitumie vyombo vya makampuni ya nje. Maana yake ni kwamba visijifunge navyo. Zipo programu huria ambazo chuo chaweza kuziweka katika seva zake chenyewe. Mojawapo ni BigBlueButton, iliyoanzishwa mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada mahususi kwa ajili ya kufundishia, nayo ina ubao ambao mhadhiri anaweza kuwafungulia wanafunzi wote waandike. Programu ya namna hiyo haina ada ya leseni, lakini si ya bure kabisa: huhitaji seva, umeme wa uhakika na mafundi wanaolipwa vizuri kiasi cha kutokimbia. Gharama hiyo afadhali, maana ujuzi hubaki nchini na kazi za wanafunzi hubaki chuoni.

Watumishi wa umma wanaoidhinisha ununuzi wana nafasi ya kuzuia makosa haya kabla hayajatokea. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 425 kwa ajili ya mradi wa elimu ya juu nchini Tanzania uitwao HEET, unaogusa majengo, mitaala na vifaa. Panapokuwa na fedha, wauzaji wa vioo hawakosekani. Kabla ya sahihi kutiwa, yafaa maswali machache yajibiwe kwa maandishi. Je, chombo hufanya kazi kwenye simu ya kawaida na mtandao dhaifu? Je, kazi za wanafunzi zinaweza kutolewa na kuhifadhiwa mahali pengine siku mkataba unapokwisha? Nani atakitengeneza kikiharibika, na vipuri vitatoka wapi? Ni wahadhiri wangapi wamekwisha kuandaa masomo ya kukitumia, na wamepewa saa ngapi za kazi kwa maandalizi hayo? Muuzaji asiyeweza kujibu matatu ya kwanza, na chuo kisichoweza kujibu la nne, wote wangoje.

Swali la nne ndilo husahauliwa kuliko yote. Kuandaa kipindi kimoja cha namna iliyoelezwa hapo juu huchukua muda mrefu kuliko kuandaa mhadhara. Mhadhiri anayepandishwa cheo kwa idadi ya makala zake peke yake hana sababu ya kuutoa muda huo. Vyuo vikitaka ushirikiano darasani, havina budi kuihesabu kazi ya kufundisha vizuri pale vyeo vinapogawiwa. Wakaguzi nao wanapotembelea vyuo wasitosheke na kuhesabu vioo ukutani. Waombe waonyeshwe mbao walizoziandika wanafunzi wiki iliyopita, wasome yaliyomo, wahesabu majina. Hapo watajua kama fedha ya wananchi imenunua elimu au imenunua samani.

Wahitimu wa vyuo hivi ndio watakaokuwa madaktari wa zamu katika hospitali za wilaya, wahandisi wa maji, mahakimu na walimu. Hakuna hata mmoja kati yao atakayefanya kazi peke yake. Daktari atategemea maandishi ya muuguzi, na mhandisi atategemea vipimo alivyochukua mwenzake. Mtu aliyepita chuoni miaka mitatu au minne bila kujifunza kusoma hoja ya mwenzake, kuipinga kwa ushahidi na kukubali anaposhindwa, ataipeleka kasoro hiyo ofisini, na wananchi ndio watakaoilipia. Kwa ajili hiyo, vyuo vitengeneze kwanza kazi zinazowafanya wanafunzi wahitajiane, viwaandae wahadhiri, vihakikishe mwanafunzi maskini yumo, ndipo vinunue ubao.